Funguo za Watu: Namna ya Kuanza Kazi ya Kutunza Mbwa na Paka wa Wasafiri Mbeya

Ukisimama stendi kuu ya Mbeya alfajiri ya tarehe 22 au 23 Desemba, utadhani jiji zima linahama. Huyu anateremka Kyela, yule Tukuyu, mwingine anaelekea Sumbawanga, mwingine Dar es Salaam na gunia lake la mchele. Wanaobaki ni mbwa.

Kazi hii niliianza bila kuipanga. Majirani zangu wa Isyesye walisafiri, mbwa wakamwachia kijana wa nyumba ya pili. Siku ya tatu kijana naye akaitwa Chunya, akaondoka. Sisi tulisikia mbwa akibweka hadi sauti ikamkauka. Tulipochungulia tukakuta mnyororo umejiviringisha kwenye shina la mparachichi, mbwa hafiki kwenye sufuria ya maji, na sufuria yenyewe imepinduka. Geti lina kufuli, ufunguo uko Chunya. Tulimsogezea maji kwa mti mrefu na kopo, jambo ambalo silipendekezi kwa mtu yeyote. Mwenye nyumba aliporudi akaniuliza: "Kwa nini mwakani nisikulipe wewe?"

Marekani kazi hii ina hadi chama chake, Pet Sitters International, kilichoanzishwa mwaka 1994 na Patti Moran wa North Carolina. Huku kwetu haina hata jina. Kwenye kikaratasi changu cha matangazo nimeandika "Mtunza wanyama wa nyumbani kwa wasafiri", lakini mtaani naitwa "yule dada wa mbwa". Nilipowaambia wakwe zangu wa Iringa kwamba nalipwa kumlisha mbwa, utani uliofuata unaujua mwenyewe, sina haja ya kuurudia.

Hatua ya 1: Mjue mpinzani wako

Mpinzani wako ni jirani anayefanya bure. Usijidanganye kwamba watu watakulipa kwa sababu unawapenda wanyama. Mama mmoja mtu mzima wa Ilomba, baada ya shikamoo na marahaba, aliniuliza wazi: "Sasa mwanangu, nikulipe kwa kumpa mbwa ugali?" Nikamjibu, "Ugali ni wako mama. Mimi unanilipa ili saa moja usiku, mvua inanyesha na nimechoka, bado niende." Akacheka, akanipa siku nne za majaribio.

Wanaolipa ni wale ambao jirani alishawaangusha, au hawana jirani wa kumtegemea kwa kuwa ndiyo wamehamia. Wafanyabiashara wa Mwanjelwa wanaofuata mzigo Kariakoo. Watumishi wanaoitwa Dodoma ghafla. Walimu wa vyuo wakati wa likizo. Wageni wa misheni na mashirika, ambao kwa kawaida wana paka na maelekezo ya kurasa mbili. Kwa Iringa ningeanzia Gangilonga na Wilolesi.

Jambo moja ulielewe mapema: wanyama wengi utakaoachiwa ni mbwa wa ulinzi, waliofundishwa kumkataa mtu kama wewe. Paka watakuwepo, sungura pia, na karibu kila nyumba itakuongezea kuku kumi "kwa kuwa unakuja tu".

Hatua ya 2: Anza kwa kwenda, usianze kwa kupokea

Wengi wakifikiria biashara hii wanawaza kujenga mabanda uani kwao. Mimi nasema subiri. Mbwa wa ulinzi akihamishwa anaiacha nyumba bila mlinzi, na hiyo ndiyo sababu ya kufugwa kwake. Paka huzoea nyumba kuliko mtu. Ukimhamisha atatoroka kurudi kwao, apotelee njiani. Majirani zako watachoka kelele kabla ya wiki kwisha, na kama umepanga, mwenye nyumba atakuita.

Kuna pia suala la parvo. Huu ni ugonjwa wa virusi unaowaharisha mbwa wadogo damu na kuwatapisha, na virusi vyake hukaa kwenye udongo miezi mingi. Mbwa mmoja mgonjwa akishapita uani kwako, kila mtoto wa mbwa asiyechanjwa utakayempokea baadaye yuko hatarini. Sakafu ya saruji unaweza kuiosha kwa maji yenye dawa ya klorini ya kufulia, kikombe 1 kwa vikombe 30 vya maji, ukaiacha dakika 10. Udongo huwezi kuuosha.

Kwa hiyo nenda wewe kwao, asubuhi na jioni. Wenye nyumba wengine watataka ulale. Kulala kutoze bei nyingine kabisa, na uwaambie wa nyumbani kwako kabla ya kukubali.

Kuhusu kuku wa nyumba mbili tofauti: usitoke banda moja ukaingia jingine na viatu vilevile. Mdondo husafiri kwenye nyayo. Mimi huacha ndala kwa kila mteja mwenye kuku.

Hatua ya 3: Kadi ya chanjo kwanza, maelewano baadaye

Hapa sina msamaha. Mbwa asiye na kadi ya chanjo ya kichaa simchukui, hata mwenye mbwa akiwa mchungaji wangu. Mbwa huchanjwa kuanzia umri wa miezi 3, kisha hurudiwa kila mwaka. Soma tarehe mwenyewe, usiambiwe tu "alichanjwa". Kama muda umepita, muulizeni afisa mifugo wa kata au daktari wa mifugo, chanjo ifanyike mapema kabla ya safari, siyo asubuhi ya basi.

Sababu ni fupi: kichaa cha mbwa kikishaonyesha dalili kwa binadamu, hakuna tiba. Lakini kinazuilika ukiwahi. Ukiumwa au kukwaruzwa, au mate ya mbwa yakigusa mchubuko, osha kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15. Hesabu kwa saa, kwa sababu dakika 15 kwenye bomba ni ndefu kuliko unavyodhani. Kisha nenda hospitali siku hiyohiyo ukaulizie chanjo. Usipake mafuta ya taa, wala majivu. Usimuue mbwa, kwa kuwa aliyeuma hufungiwa na kuangaliwa kwa siku 10, ila chanjo yako wewe haingojei siku hizo ziishe. Na kama umeamua kuifanya kazi hii miaka mingi, ulizia hospitali kuhusu chanjo ya kinga ya mtu ambaye bado hajaumwa.

Hatua ya 4: Onana na mbwa gizani

Kosa langu kubwa la mwaka wa kwanza lilikuwa hili. Nilikwenda kutambulishwa kwa mbwa saa nane mchana. Alikuwa amefungwa, kalala juani, akanitingishia mkia, tukaagana vizuri. Mwenye nyumba akasafiri. Jioni ya kwanza nikafungua geti saa moja na nusu, naye amefunguliwa. Yule wa mchana na yule wa usiku hawakuwa mbwa mmoja. Nilirudi nje nikiwa na hotipoti ya ugali mkononi, nikasimama barabarani nusu saa nikimwita jina kama mwendawazimu, mpaka mlinzi wa nyumba ya jirani aliyemzoea akaja kumfunga.

Tangu hapo, kutambulishwa ni mara mbili kwa uchache, moja mchana na moja baada ya giza kuingia, mwenye mbwa akiwepo. Mara ya kwanza usimwendee. Simama ubavu, usimkazie macho, mwache yeye aje akunuse. Mara ya pili mlishe wewe, kwa sufuria yake, mwenye nyumba akiwa amesimama karibu bila kusema kitu. Uliza maneno anayoyajua, kwa sababu mbwa wengine wa hapa huamriwa kwa Kinyakyusa au Kisafwa, na "kaa chini" yako haitamfikia. Jizoeze kumfunga na kumfungua mbele ya mwenyewe. Kama mara zote mbili anakuonyesha meno, kataa kazi na usione aibu.

Hatua ya 5: Karatasi, ufunguo na mjumbe

Hii ndiyo hatua inayokufanya uwe na biashara, na ndiyo watu huiruka. Mbwa akikosa chakula siku moja mtasameheana. Televisheni ikiibiwa ndani ya nyumba uliyokuwa na ufunguo wake, mtuhumiwa wa kwanza ni wewe.

Andikeni makubaliano kwenye karatasi, ukurasa mmoja unatosha, nakala mbili zenye sahihi. Ziwemo tarehe za kuondoka na kurudi, na malipo ya kila siku atakayochelewa. Chakula kiandikwe kwa kipimo. "Mpe kidogo asubuhi" si kipimo, "vikombe viwili vya kopo la bluu lililo juu ya ndoo" ni kipimo. Iwemo namba ya daktari wa mifugo, na namba ya ndugu wa pili atakayepokea simu mwenye nyumba akiwa kijijini ambako mtandao hupatikana juu ya kichuguu tu. Kiandikwe kiasi cha fedha unachoruhusiwa kutumia kwa matibabu kabla ya kumpata, na kiasi hicho uachiwe mkononi. Andikeni pia mnyama akifa itakuwaje. Watu hawapendi kukitaja kipengele hicho, lakini mbwa wazee hufa, na hawachagui mwenyewe awepo. Mimi huuliza: azikwe wapi, na daktari amkague kwanza au la?

Ufunguo pokea mmoja tu, wa geti, na wa jikoni kama chakula kiko humo. Vyumba vya kulala na sebule mwombe avifunge, aondoke na funguo zake. Piga picha za milango siku anayokukabidhi, yeye akiwepo. Usiandike jina la mteja wala mtaa kwenye ufunguo. Andika namba, na daftari la namba liwe mahali pengine. Ukiuangusha kwenye daladala, atakayeuokota asijue unafungua wapi. Muulize vilevile nani mwingine ana ufunguo. Jibu la swali hilo limewahi kunishangaza: fundi bomba, shemeji, na kijana aliyeacha kazi mwezi mmoja kabla.

Kisha nendeni wote wawili kwa mjumbe au mwenyekiti wa mtaa. Dakika tano tu: "Mzee shikamoo, mimi nasafiri, huyu dada ataingia na kutoka kwangu asubuhi na jioni." Faida yake ni kwamba siku sungusungu wakikukuta unafungua geti la mtu saa mbili usiku, kuna anayekujua. Na mwizi wa mtaani, ambaye mara nyingi si mgeni, naye anapata habari kwamba nyumba hiyo ina mtu.

Misiba ina utaratibu wake. Simu itaita saa tano usiku: "Nimefiwa, naondoka na basi la alfajiri, nisaidie." Hapo hakuna nafasi ya kutambulishwa mara mbili. Msimamo wangu ni kuwapokea wa ghafla ikiwa tu nilishawahi kumtunza mnyama huyo. Ndiyo maana wateja wapya nawahimiza wanialike hata kabla hawajawa na safari. Na siku za msiba huwa sidai fedha mapema, ingawa kipimo cha siku naandika: anasema tatu, matanga yanakuwa tisa.

Hatua ya 6: Chakula

Kanuni ni chakula cha mteja, siyo chako. Mbwa akibadilishiwa chakula ghafla ataharisha, nawe utalaumiwa. Wengi hula ugali kwa dagaa, na hao wako sawa kabisa.

Angalia unga. Watu huhifadhi mahindi yaliyoota ukungu "ya mbwa", hasa baada ya mvua ndefu. Ukungu ule huzaa sumukuvu, inayoharibu ini la mbwa na kumuua hata ukipika ugali wenyewe ukaiva vipi. Unga unaonuka uvundo umwage, umpigie mwenyewe simu, ununue mwingine.

Makombo ya mezani ukipewa, chambua. Kitunguu, kiwe kibichi au cha kwenye mchuzi, huharibu damu ya mbwa na ya paka. Mifupa ya kuku iliyopikwa hupasuka kama vibanzi na kutoboa utumbo. Chokoleti na zabibu hapana. Huku kwetu parachichi huoza chini ya miti: kokwa lake linaweza kumkwama mbwa tumboni, na majani yake ni sumu kwa sungura na mbuzi, kwa hiyo ukienda kuwakatia sungura majani usivune chochote kilicho karibu.

Kwa paka kuna mambo mawili ambayo nimeyaona yakifanywa kwa nia njema. La kwanza ni Panadol. Paka hawezi kuivunjavunja dawa hiyo mwilini. Kidonge kimoja kinatosha kumuua. La pili ni kumpaka dawa ya kupe ya ng'ombe au ya mbwa. Nyingi zina permethrini au dawa za jamii yake, ambazo kwa paka ni sumu ya mishipa ya fahamu, atatetemeka hadi afe. Viroboto vya paka ni kazi ya dawa ya paka.

Na paka hawezi kuishi kwa ugali mtupu. Anahitaji nyama au samaki kila siku.

Hatua ya 7: Siku yenyewe

Ukifika, kabla ya chakula, zunguka nyumba mara moja. Kufuli, madirisha, bomba lililoachwa wazi, taa ya nje. Osha sufuria ya maji, usiongezee juu ya ya jana. Tazama kinyesi: choo kimoja cha asubuhi kitakuambia mengi kuliko mbwa kutingisha mkia. Mbwa aliyekosa hamu ya kula mlo mmoja mwangalie. Akikosa miwili, au akitapika na kuhara pamoja, piga simu kwa daktari.

Juni na Julai usiku wa Mbeya hushuka chini ya nyuzi 10, na Njombe na Makete kuna asubuhi nyasi huwa nyeupe kwa barafu. Mbwa mzee anayelala kwenye saruji tupu atashindwa kuinuka. Gunia lililojazwa maranda ya fundi seremala ni bei ndogo, nami huenda nalo bila kuombwa.

Usiku wa mwaka mpya ni wa kujiandaa. Fataki, masufuria, honi, kila mtu na lake. Mbwa huruka kuta ambazo hajawahi kuzijaribu, na aliyefungwa mnyororo karibu na ukuta anaweza kuruka akaning'inia akajinyonga. Tarehe 31 jioni mfungie ndani ya banda au stoo, mnyororo umetolewa, na upite tena asubuhi mapema.

Kila siku tuma video fupi, saa ileile. Sekunde 20: mbwa anakula, geti limefungwa. Mteja wangu mmoja alikiri kwamba mbwa hamtazami, huangalia kama maua ya mkewe yamemwagiliwa.

Hatua ya 8: Bei

Piga hesabu ya nauli kabla ya kutaja bei. Chukulia bodaboda hadi mtaa wa Forest ni 1,000 kwenda na 1,000 kurudi. Ziara mbili kwa siku ni 4,000. Ukimtoza 5,000 umebaki na 1,000, na bado hujanunua sabuni. Nyumba ya kutembea dakika kumi kwa bei hiyohiyo ni 5,000 kamili, na zikiwa tatu kwenye mtaa mmoja unazimaliza kwa mzunguko mmoja. Kwa hiyo tafuta wateja kwa miguu. Iyunga siendi siku hizi, anayenipigia kutoka huko namtafutia mtu wa hukohuko.

Chukua nusu kabla ya safari, kwa simu au namba ya malipo, ili pawepo ujumbe wa kuthibitisha. Kuku na bustani uviongezee bei yake, hata kama ni ndogo, la sivyo mwishoni utajikuta unapalilia.

Hatua ya 9: Serikali

Ukiwa na wateja wawili watatu wa mtaani hutasumbuliwa, lakini ukitaka mashirika yakulipe utahitaji risiti. TIN, yaani namba ya mlipakodi, hutolewa bure na TRA kwa namba ya kitambulisho cha NIDA, jina la biashara husajiliwa mtandaoni kwa BRELA, wakala wa usajili wa biashara, na leseni huombwa halmashauri kupitia mfumo wa mtandaoni wa Tausi.

Zijue sheria mbili. Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 inakataza kumtesa mnyama na kumnyima mahitaji yake, hivyo usiseme "si wangu". Sheria ya Veterinari ya mwaka 2003 inaacha tiba mikononi mwa wataalamu waliosajiliwa. Kidonge alichoandikiwa na daktari mpe. Sindano usishike.

Hatua ya 10: Wateja, na siku yako ya kutokuwepo

Anza kujitangaza Oktoba, maana Desemba watu wameshapanga. Tangazo lililonilipa kuliko yote ni kikaratasi nilichoacha kwenye duka la dawa za mifugo: anayenunulia mbwa dawa ya minyoo ni mtu anayemjali. Daktari wa mifugo akikutaja kwa jina, hutahitaji kujieleza sana. Mtandaoni weka picha za mbwa tu, kamwe usiweke za nyumba, na usipost wakati mwenyewe yuko safarini.

Kisha tafuta mwenzako, kwa sababu na wewe utafiwa, utaumwa, utajifungua. Wa kwangu ni dada mmoja wa Itezi. Kila mbwa wangu amemwona mchana na usiku, kila mteja ana namba yake. Funguo za wateja ziko kwenye kabati la chuma chumbani kwangu, na ufunguo wa pili wa kabati hilo anao yeye.